Somo la Redio: Kujitengenezea Mkokoteni wa Ng'ombe Wenye Paa la Turubai

Natumaini kila mtu ana daftari lake na kalamu yake, na ubao umefutwa.

Juma lililopita tulijifunza kusoma futi ya kupimia. Tuliona kwamba sentimita 100 ni meta 1, tukapima mlango, meza na dirisha la darasa. Leo vipimo hivyo tutavitia kazini. Tutajifunza namna kikundi cha watu kinavyoweza kujitengenezea mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe wawili. Tena tutauwekea paa la turubai, ili mtu aliye safarini na mzigo wake apate mahali pa kulala.

Kwanza tusome maneno ya somo. Kiongozi wa kikundi ayaandike ubaoni, nanyi msome pamoja, polepole:

m-ko-ko-te-ni
gu-ru-du-mu
e-kse-li
ni-ra
tu-ru-ba-i
ka-ba-ri

Vema. Yasomeni tena mara ya pili, kisha tuendelee.

Kwa nini mkokoteni?

Ninyi watu wa Mara mwajua kulima kwa ng'ombe. Plau si jambo geni kwenu. Lakini katika nyumba nyingi ng'ombe akisha kulima hupelekwa malishoni, na kazi ya kubeba hubaki juu ya kichwa cha mama. Maji huja kichwani, kuni huja kichwani, na mihogo hali kadhalika. Pengine watu huchukua mti wa panda, wakauweka mzigo juu yake, na ng'ombe wakauburuza chini. Mti ule hukwangua njia. Mvua ikinyesha, maji hufuata ule mkwaruzo, na baada ya miaka michache njia imekuwa korongo. Gurudumu halikwangui ardhi namna hiyo.

Sasa tufanye hesabu. Ndoo moja huchukua lita 20 za maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi ndoo moja ni kilo 20. Pipa moja la lita 200 ni sawa na ndoo ngapi? Gawanyeni 200 kwa 20. Jawabu ni 10. Mkokoteni ukichukua mapipa mawili, umechukua ndoo 20 kwa safari moja. Kila mama aliyemo darasani na ahesabu mwenyewe safari hizo 20 ni siku ngapi za maisha yake.

Na si maji tu. Wakulima wa pamba wa Bunda hupeleka pamba yao kwenye kituo cha chama cha ushirika ili ipimwe. Pengine foleni ni ndefu, na mtu hulala palepale akiulinda mzigo wake. Anayekwenda mnadani na ng'ombe hulala njiani vilevile. Hapo ndipo paa la turubai linapofaa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika nchi ya Marekani, tangu miaka ya 1930, watu walijitengenezea nyumbani tela ndogo ya kulala, ya kufungwa nyuma ya gari. Umbo lake lilikuwa kama tone la maji: mbele ni mviringo, na nyuma lateremka. Ndani walilala watu wawili. Nyuma palikuwa na kifuniko. Ukikiinua, wakuta jiko. Michoro yake ilichapwa katika magazeti ya ufundi, na mtu aliyejua kusoma kipimo aliweza kuifuata kwa msumeno na nyundo yake mwenyewe. Kwetu Tanzania, kituo cha kupima zana za kilimo kilichokuwa Arusha, kilichoitwa TAMTU, kilichora mikokoteni ambayo fundi wa kijijini aliweza kuitengeneza, hata beringi zake zikiwa za mti mgumu uliolowekwa katika mafuta. Kazi ya kituo hicho ilichukuliwa na CAMARTEC, iliyoanzishwa mwaka 1981.

Kutafuta ekseli na magurudumu

Mkokoteni huanza na ekseli. Ukiwa na ekseli nzuri, mengine yote ni kazi ya mbao na misumari. Ukiwa na ekseli mbaya, mbao nzuri hazitakusaidia kitu.

Katika gereji za Musoma mjini na za Bunda hupatikana ekseli za magari yaliyokwisha kazi. Tafuteni ekseli nyepesi, iliyo pamoja na magurudumu yake mawili. Ekseli yenye difu katikati yaweza kufaa, lakini ni nzito, na uzito huo ng'ombe wataukokota kila siku bila faida. Kabla ya kulipa, fanyeni mambo manne.

Kwanza, inueni ekseli, mzungushe kila gurudumu kwa mkono. Lizunguke bila kukwama na bila kelele ya kusaga. Pili, shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Tatu, tazameni kama ekseli imepinda au imepasuka. Nne, dai risiti. Risiti iandikwe tarehe, jina la muuzaji, kitu kilichouzwa na fedha iliyolipwa. Isomeni wenyewe kabla ya kuondoka. Mtu asiyejua kusoma hupewa karatasi yoyote akaambiwa ni risiti. Kesho akija mtu kudai kwamba ekseli ni mali yake iliyoibwa, karatasi ile haitamtetea. Ninyi mmekwisha kujifunza kusoma. Tumieni elimu yenu.

Kutengeneza kitanda cha mkokoteni

Kitanda ni ile sehemu ya kuwekea mzigo. Chetu kitakuwa na urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 120. Kuta zake zitakuwa na kimo cha sentimita 40. Andikeni vipimo hivi katika daftari.

Anzeni na fremu ya mbao nene au ya vyuma vya pembe. Fremu isiwe imekaa upande. Namna ya kujua ni hii: pimeni kutoka pembe moja mpaka pembe inayoikabili, kisha pimeni pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikiwa sawa, fremu imenyoka. Kwa fremu yetu kila kimoja kitakuwa karibu na sentimita 233. Kimoja kikizidi, sukumeni pembe yenye urefu mkubwa mpaka vilingane. Hapo ndipo mkaze bolti.

Sasa hesabu ya mbao. Tuseme kila ubao una upana wa sentimita 20.

Sakafu yahitaji mbao 6 za meta 2. Hizo ni meta 12.
Kuta mbili ndefu zahitaji mbao 4 za meta 2. Hizo ni meta 8.
Kuta mbili fupi zahitaji mbao 4 za meta 1 na sentimita 20. Hizo ni meta 4 na sentimita 80.

Jumlisheni. Mtapata meta 24 na sentimita 80. Nunueni meta 26, kwa kuwa msumeno nao hula mbao. Bei sitawatajia, maana bei hubadilika. Ulizeni kwa wauza mbao wawili au watatu, mwandike bei zao safu kwa safu, kisha mlinganishe. Ukuta wa nyuma ufungwe kwa bawaba au kwa komeo, ili uweze kufunguliwa wakati wa kushusha mzigo.

Ekseli ifungwe chini ya fremu kwa bolti zenye umbo la U. Msikubali fundi aichomelee ekseli moja kwa moja kwenye fremu, maana moto waweza kuipinda na kuharibu beringi. Pimeni kutoka ukingo wa mbele wa fremu mpaka kwenye ekseli, upande wa kulia na upande wa kushoto. Vipimo viwe sawasawa: sentimita 105 kila upande. Vikitofautiana, mkokoteni utakwenda upandeupande, tairi zitalika, na ng'ombe mmoja atavuta kuliko mwenzake.

Mwaweza kuuliza: kwa nini 105, na nusu ya 200 ni 100? Swali zuri. Twaiweka ekseli nyuma kidogo ya katikati ili uzito kidogo uelekee mbele, juu ya nira. Uzito ukielekea nyuma, mti wa kuvutia huinuka juu, na kamba za nira hukaba shingo za ng'ombe. Uzito ukizidi mbele, nira huwachubua shingo. Ng'ombe mwenye kidonda shingoni hataki kufanya kazi, nawe usimlaumu.

Mti wa kuvutia uwe wa mti mgumu usio na fundo wala ufa, wenye urefu wa meta 4. Meta 1 ikae chini ya fremu, ikafungwa kwa bolti mbili. Meta 3 zitokeze mbele, ili miguu ya nyuma ya ng'ombe isigonge mkokoteni. Ukisha kufungwa, inueni ncha yake ya mbele, mkokoteni ukiwa mtupu. Mtu mzima aweze kuishika bila taabu. Jaribuni tena mkokoteni ukiwa na mzigo.

Breki, kabari na rangi

Watu wengi huacha breki wakisema, "Ng'ombe watazuia." Hili ni kosa la kuua. Katika mteremko mkokoteni wenye mzigo huwasukuma ng'ombe kwa nyuma. Wakianza kukimbia, hakuna wa kuwashika. Wekeni mti wa kukingama karibu na matairi, wenye kipande cha mti mgumu kila upande, na mkono wa kuuvuta. Ukiuvuta, vipande hivyo hukandamiza matairi na mwendo hupungua. Fundi yeyote wa kuchomelea aweza kuufanya.

Kateni kabari mbili za mti, mzifunge kwa kamba ili zisipotee. Kila mkokoteni unaposimama, kabari ziwe mbele na nyuma ya gurudumu.

Barabara ya lami itokayo Mwanza, ikapita Bunda hata Makutano na kuelekea Sirari, ina mabasi na malori ya mwendo mkali. Bandikeni viakisi vyekundu nyuma na vyeupe mbele, katika pembe zote. Ng'ombe mweusi usiku haonekani, na dereva hamwoni mpaka amemfikia. Ikiwezekana, msitembee usiku kabisa.

Kuweka paa la turubai

Sasa tufike kwenye paa. Twahitaji fito 4 zinazokubali kupindwa, au mabomba ya plastiki. Kila ufito upindwe kama upinde, ncha zake zikiingia katika vishikizo vilivyopigiliwa ndani ya kuta ndefu. Upinde wa kwanza uwe mbele kabisa, wa mwisho nyuma kabisa, na viwili vya katikati viachane kwa sentimita 66 hivi. Kimo cha upinde, kutoka juu ya ukuta, kiwe sentimita 90. Ufito mmoja mrefu upite juu, ukiviunganisha vyote vinne kwa kamba.

Turubai liwe la ukubwa gani? Chukueni kamba, muipitishe juu ya upinde kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, kisha muipime. Mtapata karibu meta 2 na sentimita 40. Ongezeni sentimita 30 kila upande za kushuka nje ya ukuta, ili maji ya mvua yasiingie ndani. Jumla ni meta 3. Kwa urefu, kitanda ni meta 2. Ongezeni nusu meta mbele na nusu meta nyuma za kufunikia milango. Nayo ni meta 3. Basi turubai la meta 3 kwa meta 3 latosha.

Watu wazima wawili walala humo bila shida. Chandarua hufungwa kwenye ule ufito wa juu. Msikisahau, kwa maana kando ya ziwa mbu ni wengi.

Lakini sikilizeni sana sheria za kulala.

Kwanza, wafungueni ng'ombe. Mtu asilale ndani ng'ombe wakiwa wamefungwa nirani.

Pili, mkokoteni una magurudumu mawili tu. Ukipanda nyuma bila kuutegemeza, utapinduka nawe. Kabla ya kupanda, tegemezeni pembe zote nne kwa miti imara, mkaweka kabari.

Tatu, msiwashe jiko la mkaa wala kibatari ndani. Turubai huwaka upesi, na moshi wa mkaa huua mtu usingizini.

Nne, chagueni mahali. Karibu na ziwa, msilale katika njia za viboko. Nyayo zao na njia zao zaonekana mchana. Katika vijiji vilivyo jirani na Serengeti, msiweke mahindi ndani ya mkokoteni unaolala, maana tembo hunusa chakula kutoka mbali, na turubai si ukuta.

Tano, upepo ukiwa mkali, vueni paa kabla ya kusafiri.

Mzigo na umbali

Kikomo cha mzigo kiwe kilo 500. Andikeni nambari hiyo kwa rangi kubwa ubavuni mwa mkokoteni, ili kila mtu aisome. Katika mlima au matope ya mbuga, punguzeni hata nusu. Mapipa mawili ya maji ni kilo 400, na mapipa yenyewe matupu yana uzito wa kilo 20 hivi kila moja. Jumla ni kilo 440. Wekeni moja mbele ya ekseli na jingine nyuma yake, kwa umbali sawa. Mkichota, choteni katika yote mawili kwa zamu. Mkimaliza la mbele peke yake, mti wa kuvutia utainuka.

Tena mkokoteni waweza kuwa futi ya kupimia njia. Tuseme gurudumu lina upana wa sentimita 65 kutoka ukingo hadi ukingo. Zidisheni 65 kwa 3.14. Mtapata karibu sentimita 204, yaani meta 2 na kidogo. Fungeni kitambaa chekundu kwenye gurudumu, mtoto ahesabu kila linapozunguka. Likizunguka mara 500, mmekwenda kilometa 1 hivi. Akikuambia mwenye lori kwamba shambani kwako ni kilometa 8, nawe umehesabu 5, utajua la kumjibu kabla ya kutaja nauli.

Mkokoteni ni wa nani?

Ndugu zangu, sasa nafikia jambo lililo gumu kuliko ekseli. Katika vijiji vingi mkokoteni hununuliwa kwa maneno haya: "Utawapunguzia akina mama mzigo." Ukisha kufika, hukodishwa kubebea mchanga, tofali na pamba, fedha huingia mfukoni mwa mtu mmoja, na mama huendelea kwenda mtoni na ndoo kichwani, akipishana na mkokoteni njiani. Mkokoteni haukukosea. Waliokosea ni wale ambao hawakupatana mapema.

Basi kabla ya kununua ubao wa kwanza, kikundi kikae, wanaume kwa wanawake, kiandike mapatano. Yaandikwe mambo haya: Nani ametoa nini? Siku zipi ni za maji na kuni? Siku zipi ni za kukodisha? Fedha ya kukodisha yawekwa na nani, na nani aikagua? Nani hutia grisi na kuziba pancha? Tena liandikwe hili kwa herufi kubwa: mgonjwa, au mama mwenye uchungu wa kuzaa, hupewa mkokoteni saa yoyote, bila zamu na bila malipo.

Kisha lichorwe daftari la zamu lenye safu nne: tarehe, jina, kazi, sahihi. Kila mtu aandike kwa mkono wake. Hapa ndipo mwaona kwa nini kusoma na kazi huenda pamoja. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwamo, ambao ulifundisha watu wazima kusoma kwa njia ya pamba, ng'ombe na uvuvi. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Maana yake ilikuwa hii hii: herufi imsaidie mtu katika maisha yake. Asiyejua kusoma daftari la zamu atanyang'anywa zamu yake naye asijue.

Maswali ya mazungumzo

Redio ikizimwa, msiondoke. Zungumzeni maswali haya, na katibu aandike majibu:

1. Katika kijiji chetu, ni mizigo gani inayobebwa kichwani kila siku, na nani huibeba?
2. Ng'ombe wangapi wamefundishwa nira, na wenye ng'ombe hao wako tayari kushirikiana?
3. Njia yetu ya kwenda majini ina mteremko gani ambao hauwezi kupitwa bila breki?
4. Kitanda kikiwa na urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 100, tutahitaji mbao ngapi za sakafu, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 20?
5. Andikeni mapatano yenu kwa sentensi tano.

Juma lijalo tutajifunza kumfundisha ng'ombe kijana kuvuta mkokoteni bila kumpiga. Njoni na swali la nne mkiwa mmekwisha kulifanya. Na kila mmoja aje amepima kwa hatua zake njia itokayo nyumbani kwake mpaka majini, aiandike katika daftari.

Haya, ndugu zangu, kazi njema. Kwa herini.